Kuboresha bakteria wa mtindi kwa usalama: mwongozo kwa wasindikaji na mafundi wa maabara wa Mtwara na Lindi

Wakati wa kaskazi, joto la mchana mjini Mtwara linapokaa juu ya nyuzi 30, mtindi uliotoka kwa msindikaji asubuhi ukiwa na uchachu mzuri hufika jioni umekuwa mkali kiasi cha mteja kuurudisha dukani. Umeme ukikatika kwa saa chache tu, friji haisaidii kitu. Ndiyo maana wasindikaji wadogo na vijana waliosomea maabara huuliza mara kwa mara kama haiwezekani kupata bakteria anayejua kukoma kuchachusha anapofika kiwango kinachotakiwa. Inawezekana. Bakteria wa mtindi hubadilika vinasaba vyake kila siku bila mkono wa mtu, na binadamu anaweza kuyaelekeza mabadiliko hayo, ama kwa kuteua wale waliobadilika wenyewe au kwa kuingia ndani ya jeni na kuibadilisha kwa makusudi.

Mwongozo huu unaonyesha namna ya kuifanya kazi hiyo hatua kwa hatua, na kila hatua imepangwa kwa kuanzia kwa mnywaji. Tofauti na mkate, ambao hamira yake hufa ndani ya tanuri, mtindi hunywewa pamoja na bakteria wake wakiwa hai, mabilioni kwa mabilioni katika kikombe kimoja. Chochote tulichokiweka ndani ya bakteria huyo, au tulichosahau kukiondoa, kinaingia tumboni mwa mtoto wa Ndanda au mzee wa Kilwa Masoko kikiwa na uwezo wa kuendelea kuishi.

Hatua ya kwanza: thibitisha kwamba mwenye kosa ni bakteria

Kabla ya kugusa mbegu yako ya mtindi, andika shida moja unayotaka kuitatua, kisha uhakikishe kwamba haisababishwi na kitu kingine. Mtindi unaozidi kuchacha, mtindi usioganda na mtindi unaotoa maji mengi ni shida tatu zenye vyanzo tofauti, na nyingi kati yake hazihitaji bakteria mpya hata kidogo.

Chukua mfano wa mtindi usioganda. Maziwa mengi yanayofika kwetu kutoka kwa wafugaji wa Kilwa, Liwale na Nachingwea hutoka katika mifugo ambayo huchomwa sindano za antibayotiki, na mfugaji asiposubiri siku zilizoandikwa kwenye chupa ya dawa, mabaki yake huingia katika maziwa na kuwaua au kuwalemaza bakteria wa mtindi. Streptococcus thermophilus hasa hulemazwa na kiasi kidogo mno cha penisilini. Chanzo kingine ni virusi wanaoshambulia bakteria, ambao huitwa faji. Dalili zake zinafanana kabisa na zile za dawa: maziwa yanakaa saa nane bila kuganda na mbegu inaonekana imekufa.

Kuzitenganisha sababu hizi mbili kunawezekana bila vifaa vya gharama. Chukua maji ya mtindi kutoka chombo kilichoshindwa kuganda, yaongeze kiasi cha asilimia moja katika maziwa mazuri yaliyochemshwa na kupoa, kisha utie mbegu yenye afya. Maziwa hayo yakishindwa kuganda, chukua tena asilimia moja kutoka humo na uyatie katika maziwa mengine yenye mbegu mpya. Dawa itakuwa imepungua mara mia kwa kila uhamisho na nguvu yake itaisha, lakini faji huongezeka kila wanapopata bakteria wa kuwashambulia, kwa hiyo shida itaendelea kama mwanzo. Ukiona imeisha, rudi kwa mfugaji na kuzungumza naye kwa upole kuhusu sindano, kwa kuwa bakteria wako hana kosa.

Jaribio hilo lifanyike mbali na chumba cha kusindikia. Nasema hivi kwa uchungu, kwa sababu niliwahi kuweka ndoo ya maji ya mtindi karibu na meza ya kuandalia mbegu, na kwa wiki tatu zilizofuata hakuna chombo changu kilichoganda sawasawa.

Hatua ya pili: pata uzao safi na uujue kwa jina

Huwezi kuboresha kitu usichokijua. Mbegu inayopokezwa kutoka kibuyu hadi kibuyu ni mchanganyiko wa bakteria wengi, pamoja na hamira, na ladha yake nzuri hutokana na ushirikiano wao. Kwa kazi ya kuboresha unahitaji uzao safi, yaani bakteria wote waliotokana na seli moja.

Punguza sampuli kwa maji safi yaliyochemshwa kwa presha, mara kumi kumi, hadi mara milioni moja. Paka matone ya mchanganyiko uliopungua zaidi juu ya visahani vyenye ageri (ute mgumu wa kukuzia bakteria) ya M17 iliyoongezwa laktosi, yaani sukari ya maziwa, kwa ajili ya Lactococcus na Streptococcus, au ageri ya MRS kwa ajili ya Lactobacillus. Lactococcus wakuzwe katika nyuzi 30, ambazo kwa Lindi na Mtwara mara nyingi ni joto la chumba, na wale wa yogati wakuzwe katika nyuzi 42. Chagua koloni, yaani vidoa vya bakteria walioota pamoja, zilizosimama peke yake, zipake upya kwenye kisahani kingine, na urudie mara tatu.

Kisha vipimo vya kuwatenga wasiotakiwa. Tone la haidrojeni peroksidi juu ya koloni lisitoe povu, kwani bakteria wa asidi ya maziwa hawatoi povu ilhali Staphylococcus hutoa. Lactococcus lactis hastawi katika nyuzi 45 wala katika chumvi ya asilimia 6.5, na anayestawi katika hali zote mbili inaelekea ni Enterococcus, ambaye asili yake ni utumbo wa wanyama na watu.

Hapa msomaji anaweza kudhani kwamba bakteria aliyepita vipimo hivyo, anayegandisha maziwa haraka na kuyapa harufu nzuri, ni salama. Watafiti waliochunguza maziwa ya kuchacha ya kienyeji ya Kenya, Somalia na Mali walimkuta humo kwa wingi bakteria aitwaye Streptococcus infantarius. Huyu ameizoea laktosi vizuri kiasi kwamba anaishi ndani ya maziwa kama mwenyeji, na anafanya kazi inayofanana sana na ya S. thermophilus. Hata hivyo, yumo katika kundi la S. bovis, ambalo baadhi ya jamaa zake wanahusishwa na maambukizi ya moyo. Kazi nzuri ndani ya kibuyu haitoshi kuwa cheti cha usalama. Kwa hiyo kila uzao unaotaka kuendelea nao usomwe vinasaba, angalau jeni ya 16S inayotumika kutambua aina ya bakteria, katika maabara yenye uwezo huo kama za vyuo vikuu vyetu. Uwezo ukipatikana, soma jenomu nzima, yaani vinasaba vyake vyote. Jenomu ya Lactococcus lactis ina herufi za vinasaba takriban milioni 2.4 tu, na ile ya S. thermophilus milioni 1.8, na kuzisoma siku hizi si jambo la ajabu kama ilivyokuwa mwaka 2001 jenomu ya kwanza ya L. lactis ilipochapishwa.

Hatua ya tatu: hakikisha haubebi usugu wa dawa

Mwaka 1997 wanasayansi walieleza habari za L. lactis aliyetolewa katika jibini la maziwa mabichi, akiwa na plasmidi moja iliyokusanya jeni za usugu dhidi ya dawa kadhaa, ikiwemo tetrasaiklini. Plasmidi ni kipande cha duara cha vinasaba kinachokaa nje ya jenomu, na bakteria wanaweza kupeana plasmidi kama majirani wanavyopeana kijinga cha moto. Bakteria wa mtindi mwenye plasmidi ya namna hiyo hamdhuru mnywaji kwa siku hiyo. Hatari yake ni kwamba anaweza kumpa mwenzake wa tumboni, na yule wa tumboni ndiye atakayemsumbua daktari siku mgonjwa atakapolazwa.

Katika mikoa ambako tetrasaiklini hutumika sana kwa mifugo, kipimo hiki si cha kuruka. Weka vidonge vya karatasi vyenye dawa juu ya kisahani kilichopakwa bakteria, upime upana wa duara tupu linalobaki, na ulinganishe na uzao unaojulikana kuwa salama. Ukishuku usugu, tafuta jeni yenyewe katika vinasaba, kwa majina kama tet(S), tet(W) na erm(B). Kuna usugu wa asili ambao aina nzima ya bakteria huwa nao na hauhamishiki kwa urahisi, na kuna usugu wa kupokea. Wa pili ukionekana, uzao huo uachwe hata kama ndio uliokuwa bora kuliko wote.

Hatua ya nne: jaribu uteuzi kabla ya uhandisi jeni

Shida nyingi za wasindikaji wetu hutatuliwa hapa, na ningependa msomaji akae kwenye hatua hii muda mrefu kuliko zote. Ndani ya mililita moja ya mbegu iliyokomaa kuna mamia ya mamilioni ya seli, na kwa kuwa kila zinapogawanyika hutokea makosa madogo ya kunakili vinasaba, badiliko unalolitafuta pengine limo tayari. Kazi yako ni kulitafuta.

Tuanze na mtindi unaozidi kuchacha. Katika yogati anayeendeleza uchachu ni Lactobacillus bulgaricus, ambaye huendelea kutoa asidi hata ndani ya friji. Mpake kwenye visahani vyenye laktosi na rangi ya zambarau ya bromokresoli, ambayo hugeuka njano penye asidi. Kati ya maelfu ya koloni za njano utaona chache zilizofifia au zilizobaki na rangi ya zambarau, na hizo ni za seli zilizopunguza au kupoteza uwezo wa kutumia laktosi. Jaribu kila moja ndani ya maziwa pamoja na S. thermophilus wako, gandisha katika nyuzi 42, kisha yaache maziwa hayo katika nyuzi 30 kwa saa 24 ukipima pH (kipimo cha asidi, ambacho hushuka asidi inapozidi) kila baada ya saa nne. Unamtafuta yule atakayeiruhusu pH kushuka hadi chini ya 4.6, ambapo maziwa huganda vizuri, halafu isiendelee kuteremka sana.

Ukimpata usishangilie mapema. Mhamishe katika maziwa mara ishirini na umpime tena, kwa sababu badiliko la herufi moja linaweza kurudi lilikotoka, ilhali kipande cha jeni kilichodondoka chote hakirudi.

Kwa faji, maumbile yenyewe yametuonyesha njia. Faji wa bakteria wa maziwa walielezwa mwaka 1935 huko Nyuzilandi, na kwa miaka mingi wenye viwanda waliponea kwa kubadilisha mbegu kwa zamu. Mwaka 2007 kikundi cha watafiti, wakiwemo Rodolphe Barrangou na Philippe Horvath, walionyesha kwamba S. thermophilus anayeokoka shambulio la faji huchukua kipande kifupi cha vinasaba vya adui wake na kukiweka ndani ya jenomu yake, katika eneo liitwalo CRISPR, na vizazi vyake vyote humtambua adui huyo na kumkatakata. Ugunduzi huo ulitokana na watu wa yogati wakihangaikia yogati yao, na umenitia moyo kila ninapoambiwa kwamba kazi ya maziwa ni ndogo.

Ili kuutumia, chuja maji ya mtindi yaliyoshindwa kwa kichujio chenye matundu ya maikromita 0.45, yachanganye na uzao wako, upake kwenye ageri, na koloni chache zitakazoota ndizo zilizookoka. Zisafishe kwa kuzipaka upya mara kadhaa ili zisibaki na faji, kisha upime kasi yake ya kugandisha. Nyingine hununua kinga kwa kupoteza nguvu, na hizo hazifai. Bakteria aliyepatikana hivi hajaingizwa kitu chochote na mtu.

Kwa Lactococcus kuna tahadhari moja fupi: uwezo wake wa kutumia laktosi kwa kawaida umo ndani ya plasmidi, na akilelewa muda mrefu kwenye mchuzi wa glukosi huidondosha kama mzigo asiouhitaji. Mlee ndani ya maziwa.

Hatua ya tano: kama lazima jeni ibadilishwe kwa mkono

Zipo sifa ambazo uteuzi hauzifikii, na kwa hizo huja uhandisi jeni. Sheria hutangulia kisahani. Tanzania ilijiunga na Itifaki ya Cartagena ya usalama wa viumbe mwaka 2003, ikatunga Sheria ya Usimamizi wa Mazingira mwaka 2004, na kanuni za usalama wa bioteknolojia chini yake mwaka 2009, zikisimamiwa na Ofisi ya Makamu wa Rais. Januari 2021 Wizara ya Kilimo ilisitisha tafiti za majaribio ya mazao ya uhandisi jeni yaliyokuwa yakiendelea nchini. Msomaji aelewe basi kwamba kazi hii haifanywi jikoni wala katika chumba cha kusindikia. Inafanywa ndani ya maabara iliyopewa kibali kwa maandishi, chini ya msimamizi mwenye sifa, na kibali cha utafiti si kibali cha kuuza. Chakula chochote kipya hupaswa kupita pia Shirika la Viwango Tanzania, ambalo tangu 2019 ndilo linalosimamia usalama wa chakula, na Bodi ya Maziwa.

Kibali kikiwepo, mpango wa kazi uzingatie mambo yafuatayo.

Tumia vinasaba vya jamaa wa bakteria yuleyule, au vya bakteria mwingine wa chakula mwenye historia ndefu ya kutumika salama. Kuondoa jeni ni salama zaidi kuliko kuongeza, na kuiweka jeni ndani ya jenomu ni salama kuliko kuiacha juu ya plasmidi inayoweza kuhama.

Usiache alama ya usugu wa dawa. Maabara nyingi huwatambua bakteria waliopokea jeni kwa kuwapa pia usugu wa erithromaisini au kloramfenikoli, kisha kuwakuza kwenye dawa hiyo ili wasiopokea wafe. Ni njia rahisi, na kwa chakula haifai kabisa. Badala yake zipo alama za chakula: L. lactis aliyenyang'anywa jeni ya lacF hawezi kutumia laktosi, na akirudishiwa jeni hiyo juu ya kile kipande kipya, atakayestawi ndani ya maziwa ni yule tu aliyekipokea. Alama nyingine ni kinga dhidi ya nisini, kiuavijidudu ambacho L. lactis mwenyewe hukitengeneza na ambacho kimeruhusiwa katika vyakula kwa namba E234. Pale inapolazimu kutumia plasmidi ya usugu kwa muda, iwe ile isiyoweza kuzaliana joto likipanda hadi nyuzi 37, ili itolewe jenomu ikishabadilishwa, na kutoka kwake kuthibitishwe kwa kusoma jenomu nzima. Kutoota kwa bakteria kwenye dawa hakutoshi kuwa ushahidi.

Mfunge bakteria kwa hitaji ambalo nje ya maabara hatalipata. Mfano ninaoupenda zaidi ni wa mwaka 2003, wakati Lothar Steidler na wenzake wa Ubelgiji walipotengeneza L. lactis wa kutoa dawa ya utumbo. Jeni ya dawa waliiweka mahali pa thyA, jeni inayomwezesha bakteria kutengeneza thaimini, moja ya herufi nne za vinasaba. Bakteria yule alihitaji kupewa thaimini au thaimidini ili aishi, na alipotoka mahali penye virutubisho hivyo alikufa. Uzuri wa mpango ule ni kwamba kama angeokota thyA kutoka kwa jirani na kuirudisha mahali pake, angeipoteza jeni ya dawa papo hapo. Kifungo kilikuwa ndani ya kitendo chenyewe cha kubadilisha.

Hatua ya sita: jaribu ndani ya maziwa, bila kuonja

Linganisha uzao mpya na mama yake katika maziwa yaleyale, siku ileile, kwa vyombo vitatu kila mmoja. Pima pH, muda wa kuganda, maji yanayojitenga na idadi ya bakteria walio hai. Rudia kwa maziwa ya kiangazi na ya masika, maana malisho hubadilika na maziwa nayo hubadilika. Mtindi wa bakteria waliobadilishwa jeni usionjwe na mtu yeyote, hata fundi mwenyewe na hata kwa ncha ya ulimi. Wale waliopatikana kwa uteuzi wanaweza kuonjwa baada ya vipimo vya hatua ya pili na ya tatu kukamilika, katika maziwa yaliyopashwa moto ipasavyo.

Hatua ya saba: hifadhi, andika, teketeza

Gandisha uzao mama kwa baridi ya friza katika maziwa yasiyo na mafuta yaliyoongezwa gliseroli ya asilimia 15 hadi 20, katika vichupa vingi vidogo ili kila kimoja kifunguliwe mara moja tu, na nusu yake iwekwe jengo lingine, kwa kuwa umeme wetu hauaminiki kila siku. Kila kichupa kiwe na namba, tarehe, jina la aina na idadi ya uhamisho, na daftari lieleze kilitoka kwa ng'ombe wa kijiji gani na kilipitia nini.

Visahani, vichupa, ncha za pipeti na maziwa yote ya majaribio yapikwe kwa mvuke wa presha katika nyuzi 121 kwa dakika zisizopungua 15, na mizigo mikubwa ya maziwa nusu saa, kabla ya kitu chochote kutoka mlangoni. Meza ipanguswe kwa dawa ya klorini asubuhi na jioni. Maji ya mtindi ya majaribio yasimwagwe shambani wala yasipewe nguruwe wa jirani mpaka yamepita kwenye mvuke huo, na anayefunga maabara jioni aandike katika daftari saa ambayo mtungi wa mvuke ulifika nyuzi 121 na saa uliyozimwa.